Kilima cha Sponji

Wakubwa walipokihamisha kituo cha treni na kukipeleka nyuma ya kilima, walitazama ramani tu. Kwenye ramani kilima ni duara, na duara halimtoi mtu jasho. Aliyetoka jasho ni Mzee Mataruma, aliyepewa jina hilo kwa sababu ujana wake wote uliishia kwenye mataruma, zile mbao za chini ya reli. Ndiye aliyembeba mkewe mgongoni kukipanda kilima kile, wawahi treni ya kwenda hospitali. Mke alikata roho katikati ya mpando, mdomo wake ukiwa sikioni mwa mumewe. Huko ng'ambo treni ikapiga honi, ikaenda zake.

Sasa wakubwa walikuwa wamekubali kuwasikiliza wakazi, tena mara moja tu. Mataruma hakujua kusema mbele ya watu waliosoma. Aliona bora awaonyeshe kwa mfano mdogo wa kuunda mwenyewe. Reli ya waya ilikuwa tayari, na mataruma ya njiti za kiberiti, na behewa la kopo la samaki. Kilichobaki ni kilima chenyewe, nacho lazima kiwe kikali kama kilivyo, wakubwa wakione, waone haya, warudishe kituo.

Alianza na lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Lilichongeka vizuri, vipunje vikamganda mpaka kwenye nyusi. Akalipaka gundi ya viatu ili abandike majani makavu aliyoyasaga. Gundi ikaanza kulila. Kilima kikadidimia mbele ya macho yake kama sukari ndani ya chai.

"Hata povu linanionea," akasema.

Mlangoni palikuwa na shemeji yake, kaka wa marehemu, fundi wa masofa. Akacheka. "Gundi hiyo na povu jeupe haziivi, shemeji. Si ungeniuliza? Au uliogopa nitakudai mahari upya?"

"Mahari mlishakula mkalamba na vidole. Nipe sponji."

"Nina vipande vya kujazia mito tu, na mkutano wenyewe kesho." Fundi akapita moja kwa moja hadi chumbani, akaanza kulibonyeza godoro. "Hili hapa. Upande wako umekufa, umelala kama mkeka. Lakini wa dada uko hai, maana alikuwa mwepesi. Ona unavyoinuka. Kata huku."

"Huko sikati."

"Shemeji, sponji yako haitasimama. Ikishakunywa rangi, italala."

"Nimesema huko sikati. Nenda kashone masofa yako."

Fundi akamtazama, utani ukamwishia mdomoni. Akaacha kisu chake kirefu kitandani, akaondoka.

Mataruma akakata upande wake. Akapanga tabaka juu ya tabaka, akabandika, akapaka rangi, akanyunyiza majani. Jioni kilima kilisimama wima, kikali, hata mwenyewe alipokitazama pumzi ilimpanda.

Asubuhi alikibeba kichwani hadi ofisini. Akawekwa kwenye benchi, maana wakubwa wana saa zao. Alipoitwa, akakitua mezani mbele yao, na hapo ndipo alipoona. Kilima kilikuwa kimelala.

"Kazi nzuri, mzee," alisema mkurugenzi. Akatembeza vidole viwili kama miguu, kutoka nyumba za huku mpaka kituo cha kule. "Ndicho hiki? Mbona ni kamwinuko tu? Hata mimi na kitambi changu napanda huku napiga mluzi."

"Kilikuwa kikali," alisema Mataruma. "Jana."

"Kilima kilikuwa kikali jana?"

Meza nzima ikacheka. Wala hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Alitaka kuwaambia juu ya uzito ule mgongoni, juu ya pumzi iliyokuwa sikioni kisha ikawa haipo. Lakini karani alikuwa ameshamwita mwingine.

"Kituo kitabaki kilipo," alisema mkurugenzi. "Lakini hiki tuachie, mzee. Kitapendeza pale mapokezi."

Akawaachia. Angekirudisha wapi?

Nyumbani alijilaza upande wake wa kitanda, juu ya mbao tupu. Pembeni, upande wa mkewe ulikuwa mzima, haujaguswa. Akaubonyeza kwa kiganja, akauachia. Ukainuka.