Sahani Iliyorudi Tupu

Siku niliyoota ndoto hii nilikuwa nimechoka mwili na kuchafukwa roho. Wakubwa wa nchi yetu walizuia maziwa ya nchi jirani, jirani nao wakajibu kwa kuzuia nyanya zetu, na mimi Mama Tumsifu, mfanyabiashara wa nyanya, nikabaki mpakani na lori zima limeegeshwa juani. Mtaji wangu wote ulikuwa mle ndani, nao ulishaanza kuchuruzika barabarani. Watu wa upande wetu walishangilia kila maziwa yalipomwagwa: "Wakome!" Nilitema mate, nikapanda kiti cha mbele kando ya dereva wangu, Elipokea, na joto la mchana likanilaza.

Nikajiona katika nchi nisiyoijua, mbele ya nyumba mbili zilizopakana, akanijia mwanamke aliyebeba sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Ujirani. Nifuate, ila uzibe pua."

Tukaenda, naye akanieleza taratibu kwamba zamani sahani ile haikujua kutulia. Ilitoka nyumba hii na mboga, ikarudi kutoka ile na maziwa, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Na katika kwenda na kurudi kwake wapakiaji walipata vibarua, mama lishe walipata wateja, mafundi wa magari walijenga nyumba za bati, na watoto wa pande zote mbili wakanawiri. "Kisha Kiburi akahamia hapa," akasema. "Akawafundisha kwamba anayepokea ni ombaomba. Siku hiyo sahani ikarudi tupu, na kesho yake haikutumwa tena."

Kiburi mwenyewe nikamwona, na natamani nisingemwona. Aliketi juu ya lundo la mboga zilizooza, maji meusi yakimchuruzika miguuni, funza wakimpanda mapajani, naye akijipaka marashi na kukiita kiti kile heshima. Ng'ambo ya ukuta uliojengwa kati ya nyumba zile mbili, pacha wake alikalia maziwa yaliyovunda, akitutukana. "Wao ndio watakaolia kwanza!" alifoka Kiburi wa kwetu, na nyuma yake watoto walikuwa wanalia tayari, wanalamba sufuria kavu. Wala hakugeuka kuwatazama. Nikaziba pua kwa upande wa khanga.

"Sasa nani anafaidi uozo huu?" nikauliza.

Ujirani akanionyesha kwa kidole chini ya ukuta. Palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo alipenya mtu mnene, shingo inang'aa mafuta, maziwa kwapa hili na nyanya kwapa lile, akiziuzia nyumba zote mbili kwa bei ya kukata maini. Vyakula vyote vilinuka jasho lake, na watu wakavinunua hivyo hivyo. "Huyo ni Magendo," akasema Ujirani. "Kiburi akijenga ukuta, huyu ndiye huwalisha mafundi wanaoujenga. Mtazame vizuri, maana hana nchi."

"Mama Tumsifu, amka, una mgeni." Ilikuwa sauti ya Elipokea. Dirishani alisimama mwanamume wa shati lililopigwa pasi, anatabasamu.

"Pole sana, mama yangu. Mzigo huu nauvusha leo hii kwa njia za panya, tugawane. Wewe omba tu wasifungue huu mpaka, bei ipande."

Nilitaka kukubali, Mungu anajua nilivyotaka. Lakini lile neno "omba" lilinikaa kooni kama mfupa. Ndipo maana ya ndoto iliponipambazukia: huyu alihitaji maziwa yamwagwe kule na nyanya zangu zivunde hapa, ndipo ale, na wale waliopiga kelele "Wakome!" walikuwa wakimshangilia yeye bila kujua.

"Ondoka," nikamwambia.

"Mama, zitaoza!"

"Zioze. Nyanya zikioza, mvua moja huosha. Wewe ukiingia kwenye lori langu, nitakuosha na nini?"