Figa la Tatu la Mwezi

Niliota usiku wa jana, na naomba nisichekwe kabla sijamaliza, kwamba nimeteuliwa kuwa mshenga wa safari ya Mwezini.

Kikao kinafanyika Muheza, katika ukumbi ninaoufahamu vizuri, ila leo hauna paa. Hakuna anayelalamika. Kamati ya Safari imekaa vilevile kamati za harusi zinavyokaa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na watu waliokuja kwa ajili ya soda. Pale ambapo ingewekwa keki imesimama roketi.

Anayesafirishwa ni dada yangu Mashavu. Huyu ni dada wa kweli, si wa ndotoni tu. Amefundisha sayansi shule ya msingi mpaka amestaafu, na sasa anaishi kwangu. Tangu mdogo alikuwa akisema atakwenda Mwezini. Baba alicheka, mama akamwambia amalize kwanza vyombo. Alivimaliza vyombo, na kusema hakuacha.

Kwenye ndoto amekaa mstari wa mbele, amevaa suti nyeupe ya safari, kofia ya kioo mapajani. Suti ilishonwa alipokuwa msichana. Kila safari ilipoahirishwa, fundi aliipanua kiunoni. Miaka ilivyozidi akaanza kuipunguza mabegani, maana mwenye suti naye alikuwa anapungua. Niliona nyuzi za kila rangi kwenye mishono, nikaingiwa na uchungu. Nilitaka afike. Katika ndoto nzima sikutaka kitu kingine.

"Umechoka, dada?"

"Sijachoka, Sefu. Nimekaa tu."

Mweka hazina ni Mama Kilindi, na ameshika faneli. Roketi hii inakwenda kwa ahadi. Mtu anakuja, anainama kwenye faneli, anasema "Nitatoa," na neno lake linateremka kwenye tanki likinuka mafuta ya taa. Ukumbi mzima umepanga foleni. Tanki linajaa vizuri.

"Mama Kilindi, hizi ahadi zinawaka kweli?" nikauliza.

"Zinawaka sana, baba. Tatizo lake hazidumu."

Mwenyekiti anasimama. Amevaa kitenge cha buluu, na kamati nzima imevaa sare hiyohiyo. "Ndugu wajumbe," anasema, "tunakwenda Mwezini." Makofi. Kisha inapita sinia ya chai, na kwa katiba ya kamati, kila chai ikipita anabadilika mwenyekiti.

Wa pili ana kitenge cha kijani. "Mwenzangu alikuwa na nia njema, lakini alikosea," anasema. "Tunakwenda Mirihi." Makofi yaleyale, kutoka viganja vilevile. Roketi inageuza shingo polepole kuielekea Mirihi, inalia kama kitanda cha chuma. Vile vitenge vya buluu vinakatwa vitambaa vya kufutia meza.

Chai inapita. Wa tatu, mwenye kitenge cha zambarau, anasema ni Mwezini tena, ila kwanza tujenge kituo cha njiani. Mjumbe mmoja anauliza kama kituo kitakuwa na choo. Anajibiwa kwamba choo ni awamu ya pili.

"Mimi niliumbwa kwenda juu," roketi ikaninong'oneza. "Mbona kila siku naambiwa geuka?"

Nikaiambia ivumilie.

Nyuma kabisa akasimama mzee mmoja, mdomo umejaa sambusa. "Nauliza," alisema. "Huko Mwezini kuna nini? Hapa barabara yetu mbovu, zahanati haina dawa. Huyu mama anakwenda kufuata nini?"

Ni swali la haki, na wajumbe wote walikuwa wakiliogopa. Dada Mashavu akasimama, suti ikamlegea begani.

"Barabara ikitengenezwa nitafurahi, maana napita hapohapo," alisema. "Dawa zikija nitakunywa. Lakini mtu anaweza kufagia uwanja wake na bado akainua macho. Mimi nimefagia sana."

Mzee akatafuna, akameza. "Hapo sina neno," akasema, akaenda kuinama kwenye faneli.

Sinia ya chai ikaonekana mlangoni. Mama Kilindi akaufunga mfuniko wa tanki kwa khanga yake, akatusukuma sote wawili ngazini. "Pandeni. Pandeni sasa hivi, kabla haijafika meza kuu."

Tukapaa kwa vigelegele. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukumbi haukuwa na paa.

Ndani ya roketi ni jikoni kwa marehemu mama. Mbuzi ya kukunia nazi ipo, mtungi upo, ila madirisha ni ya duara na nje kuna giza lenye nyota. Dada Mashavu amekalia kibao cha mbuzi, mikono magotini, anatazama mbele. Anatabasamu kidogo kidogo, kwa woga wa kuimaliza furaha yake njiani. Mimi nafuta vumbi kwenye kofia yake kwa sababu mshenga lazima aonekane ana shughuli.

Mara roketi ikasimama. Haikutikisika; ilisimama tu, hewani, pasipo kituo.

"Vipi tena?" nikauliza.

"Nilipaa kwa zilizoahidiwa," ikajibu. "Nimesimama kwa zilizolipwa."

Nikachungulia dirishani. Mwezi ulikuwa umejaa dirisha zima, karibu kiasi kwamba nilisikia mtu anaosha sufuria. Nikaona bado hatujaharibikiwa. Kazi ya mshenga ni kutangulia mlangoni, na mlango ulikuwa mbele yangu. Nikafungua dirisha.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Kimya. Sasa nikaanza kuogopa. Sisi tumelelewa hivi: hodi ni tatu, na ya tatu ikikosa jibu, mtu mwenye adabu hurudi alikotoka. Huku juu desturi hiyo ilikuwa sheria ya chuma. Roketi ilikwisha kuwasha taa nyekundu ya kurudi.

Dada Mashavu akanishika mkono. "Sema taratibu," alisema. "Watu wazima hawapigiwi kelele."

Nikavuta pumzi. "Hodi, wenyewe."

"Karibu," ikajibu sauti ya kike. "Lakini simameni hapohapo kizingitini."

Mwezi alikuwa mama mnene wa umri wa shangazi zetu, amejifunga khanga kifuani. Wakati huohuo alikuwa ule uwanja wa vumbi la kijivu ulioanzia miguuni petu hadi upeo wa macho. Mambo haya mawili hayakugombana.

"Shikamoo," akasema dada yangu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kunisalimu." Mwezi akajipangusa mikono. "Wale wa mwanzo walishuka bila hodi. Sisemi walikuwa wabaya. Vijana wasafi, wanarukaruka. Wakaniachia kibao kilichoandikwa kwamba wamekuja kwa niaba ya watu wote. Wewe walikuuliza?"

"Hapana," akasema Dada Mashavu.

"Hata mimi hawakuniuliza. Wakachomeka bendera, wakaacha viatu, wakaondoka kabla sijainjika chungu. Na mawe wakabeba."

"Walitaka ya kumbukumbu," nikawatetea, maana ushenga ni kupatanisha.

"Moja lilikuwa figa langu."

Akatuonyesha. Meko yake yalikuwa na mafiga mawili, na chungu kikubwa kimelala ubavu kando yake. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Sasa naweza kuongeza kwamba na mawili hayainjiki.

"Tangu siku ile sijapika," Mwezi aliendelea. "Nasikia wanakuja, natwanga mpunga, nateremka kule kwenye kivuli kuchota barafu niyeyushe. Halafu nasikia wamegeuka, wanakwenda Mirihi. Namwaga. Kesho nasikia wanakuja tena. Na mgeni simwingizi kwenye nyumba isiyo na moto, hiyo ni aibu yangu mwenyewe. Rudini, wanangu. Si kwa ubaya."

Ndipo redio ya roketi ilipokohoa. Ilikuwa kamati. Chai ilikuwa imepita, mwenyekiti mpya alikuwa na kitenge cha njano, na safari ilikuwa imefutwa. Wasafiri tulitakiwa kurudi mara moja tuhudhurie kikao cha kutathmini mafanikio.

Roketi ikaanza kugeuka. "Naitwa," ilisema. "Sitaki, lakini naitwa."

Dada Mashavu hakulia. Alivua glavu moja, akainama pale kizingitini, akagusa vumbi la Mwezi kwa ncha ya kidole, sawasawa na mtu anayeonja chumvi. Akasimama.

"Basi," alisema. "Nimegusa."

Ile basi yake ilinichoma. Nimeisikia maisha yangu yote. Aliisema alipokosa nafasi ya kusoma zaidi, aliisema aliponipa mimi chumba chenye dirisha. Nikamgeukia Mwezi.

"Figa lako lilikuwa na kimo gani?"

Akafikiri. "Mtu aliyechuchumaa."

Nikapita kizingiti, nikachuchumaa penye nafasi ya tatu. Mwezi akanizunguka, akaninyanyua kidevu, akanisogeza mguu wa kushoto. "Usitikisike," alisema. Kisha akanitwika chungu utosini, nusu juu yangu, nusu juu ya mafiga mawili, nacho kikatulia.

"Moto sasa," akasema.

Roketi ikasita. "Kuna ahadi moja imebaki chini ya tanki," ilisema. "Ya yule mzee wa sambusa. Amelipa yote." Ikaitema, ikaangukia mekoni, ikawaka.

Najua kwamba Mwezini hakuna hewa ya kuwasha moto. Dada Mashavu ndiye aliyenifundisha. Lakini alikuwa ugenini, akanyamaza kwa adabu. Roketi nayo, baada ya kutema, ikajilaza ubavu vumbini. Ilisema imechoka kugeuka, ikapitiwa na usingizi.

"Karibu ndani, mwanangu," Mwezi akamwambia dada yangu. "Pita, pita hapa."

Kutoka chini ya chungu naona miguu tu. Naona miguu ya Dada Mashavu inapita kizingiti, mmoja, kisha wa pili, taratibu. Naisikia pumzi yake. Maji ya moto yananitiririka shingoni, magoti yananikata, na nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa macho.

Siku ya kwanza anapakuliwa ubwabwa, ananawishwa, anaambiwa apumzike. Siku ya pili ubwabwa tena, na kipande cha nyama juu yake. Siku ya tatu Mwezi anakuja na jembe, kwa sababu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huku juu methali haina mzaha.

"Mpini wangu mfupi," jembe likamwambia dada yangu. "Inama kidogo, tutaelewana."

"Nalima wapi?" akauliza.

"Popote," Mwezi akajibu. "Hajawahi kubaki mtu mpaka siku ya tatu. Kote ni kwako."

Naiona suti ikianguka chini, mishono yake ya rangi zote ikifumuka yenyewe. Halafu nasikia jembe likiingia kwenye ardhi isiyowahi kulimwa. Linakwenda likisikika mbali zaidi na zaidi, na katikati yake nasikia dada yangu anaimba, na sauti yake si nzuri.

Redio bado ilikuwa inazungumza peke yake vumbini. Kamati, chini ya mwenyekiti mwingine, ilikuwa inajadili kama binadamu anaweza kuishi Mwezini. Mjumbe mmoja akadokeza kwamba huenda tayari yupo mmoja. Hoja ikaahirishwa mpaka baada ya chai.

"Dada," nikaita kutoka chini ya chungu. "Tutarudi lini?"

"Wewe rudi, Sefu, una kazi asubuhi," akajibu kutoka shambani. "Mimi nimepewa jembe."

Mwezi akakitua chungu kutoka kichwani pangu. Nikawa mwepesi sana.

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anagomba na mtu, shingo yangu imekakamaa. Nikakaa kitandani nikitazama ukuta. Nilikuwa na huzuni, kwa kuwa nilimwacha Dada Mashavu amefika, na sasa ningemkuta jikoni anakaanga mayai.

Akabisha hodi, nikamwitikia, akaingia na kikombe cha chai. Hakunipa. Alisimama ananitazama kichwani. Akakiweka kikombe dirishani, akashika ncha ya khanga yake, akanifuta utosini, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu kidogo. Khanga ikatoka nyeusi.

Nyumba hii inapikia gesi. Figa hatuna, kuni hatuna, masizi hatujayaona tangu tuhamie.

Dada Mashavu akaikunja ncha ya khanga, akaificha ndani ya kiganja.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Chungu kilikuwa kizito?"