Jina la Kujifungulia

Jua la siku ya pili lilichomoza Asegelile akiwa bado hajajifungua, na mama mkwe wake bado anadai jina.

"Taja, mwanangu," Naomi alimwambia, akimpangusa jasho usoni. "Mtoto hapiti penye siri. Ulilala na nani?"

Naomi hakuwa mama mkorofi, na hilo ndilo linalotia hasira zaidi. Alikuwa mfinyanzi mpole, mkunga wa ufuko ule wote, na mkwe wake alimpenda. Lakini mama yake alimfundisha kwamba uchungu ukizidi kipimo, basi yuko mwanamume aliyefichwa. Akitajwa, njia inafunguka. Jumapili walikuwa kanisani mstari wa mbele, na hili nalo waliliamini vilevile.

Asegelile hakuwa na wa kumtaja. Alimjua Mika, mumewe, basi. Alichotaka yeye ni mtumbwi. Kijiji chao kilibanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa, na enzi hizo za Mwingereza hakukuwa na njia ya kufika hospitali ya misheni isipokuwa majini. Mtumbwi wa Mika ulikuwa pale pale mchangani. Na mtoto, mimba yake ya kwanza, alikuwa bado anacheza tumboni.

"Nikitaja, mtanipeleka?"

"Taja kwanza."

Akafikiri, kwa kadiri mtu awezavyo kufikiri huku kiuno kinataka kukatika. Akimtaja aliye hai, huyo atapigwa, atatozwa ng'ombe, pengine atatolewa roho. Akachagua marehemu.

"Ezra," alisema.

Ezra alikuwa mvuvi mwenzake Mika, na ziwa lilikuwa limemchukua mwanzoni mwa masika yale yale. Wala Asegelile hakukumbuka, maskini, kwamba nje ya mlango, akichemsha maji, alikuwapo Felista, mjane wa Ezra, rafiki yake tangu wangali wasichana.

Ndani wanawake walishusha pumzi. Naomi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndaga, mwanangu, asante sana. Sasa atatoka. Mtumbwi wa nini tena?"

Hebu ona mambo hayo. Jina alilolitoa ili wampeleke ndilo lililowakalisha. Walikaa mpaka mchana wakimhimiza asukume, naye akasukuma mpaka macho yakaiva kwa damu, na kichwa cha mtoto hakikusogea. Habari zilipomfikia Mika, aliingia mtumbwini mwake akaenda zake peke yake bila kumuaga mtu. Alasiri ndipo Naomi alipoona maji yamezidi unga, akatoka kutafuta chombo. Uliobaki karibu ulikuwa mtumbwi wa marehemu Ezra, na mwenyewe sasa ni Felista.

Felista alimwita kaka yake, Hezroni, wakamlaza Asegelile juu ya majani ya mgomba, Naomi akampakata kichwa, wakaondoka. Hezroni alikaa mbele, Felista nyuma, kila mmoja na kasia lake. Asegelile alikuwa anamtazama rafiki yake njia nzima. Aliona haya mpaka haya ikashindana na uchungu. Alitaka kumwambia ni uongo, lakini Naomi alikuwa hapo hapo, na akilikana lile jina wangeweza kugeuza mtumbwi wamrudishe nyumbani.

Walipofika usawa wa Lyulilo, wauza vyungu wakifunga soko, Felista aligeuza mtumbwi kuelekea ufukoni.

"Hezroni amechoka," alisema. "Tupumzike."

Hezroni alimwangalia dada yake, akaweka kasia chini. Walikaa hapo kitambo kirefu. Mtumbwi ukiwa umetulia, Asegelile alimsikia mtoto akirusha mguu kwa nguvu. Baada ya hapo hakumsikia tena.

Hospitalini daktari alimtoa mtoto kwa vyuma. Alikuwa wa kiume, mnene, kichwa kimevutika kwa kubanwa. Nesi Angetile, Mnyakyusa wa huko Busale, alimfunika khanga taratibu. "Huyu amekufa leo hii," alisema. "Mngewahi kidogo tu."

Naomi alilia kwa kweli, kisha akarudi kijijini, akisema lazima lilikuwapo jina la pili. Aliyebaki ni Felista. Siku chache baadaye mkojo ulianza kumtoka Asegelile wenyewe, mchana na usiku, hauzuiliki. Felista alifua matambara, akakoroga uji, akafua tena.

Nesi aliwaeleza wote wawili, ameunganisha vidole kufanya duara. "Nyonga ni mfupa, mama, na duara lako ni dogo. Kichwa kilikwama hapa. Mbele yake ndipo kilipo kibofu cha mkojo. Nyama ya katikati ikabanwa siku mbili, damu haipiti, ikafa, ikatoboka. Sasa mkojo unavujia njia ya uzazi. Hakuna habari ya mwanamume hapa. Hata ungetaja kijiji kizima, mfupa usingepanuka."

Nesi alipotoka, Felista aliacha kufua.

"Kwa hiyo Ezra?"

"Hakunigusa hata siku moja. Nilitaka mtumbwi, Felista. Nilimtaja yeye kwa kuwa hakuna awezaye kumpiga tena. Wewe nilikusahau. Nisamehe."

Asegelile alijiandaa kutukanwa, na aliona ni haki yake. Felista alikamua tambara mpaka likaisha maji, akalikunja, akalikunjua, akalikamua tena.

"Pale Lyulilo," alisema hatimaye, "Hezroni hakuwa amechoka."