Kurasa Kumi na Moja za Ndui

Mwaka wa pili baada ya uhuru wa Burundi, Abasi alikuwa Mwislamu pekee katika chuo kikuu kimoja cha Kikristo huko milimani, akisomea mawasiliano. Shangazi yake Mwanvua, muuza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, huko Rumonge, alipotajiwa somo hilo aliuliza kama mtoto alikuwa bubu.

Mwalimu wake, Pasta Hyacinthe, aliamini hakuna ujumbe unaofika bila kupita hatua saba. Watu wa ufukweni walipotakiwa kupewa habari za chanjo ya ndui, aliomba kazi hiyo iwe mtihani wa vitendo wa Abasi. Akaandika hotuba ya kurasa kumi na moja kwa Kifaransa. Kirundi alikinyonya kwa mama yake, ila aliona sayansi haikisikii. Abasi angetafsiri kwa Kiswahili.

Asubuhi moja wakasimama sokoni Rumonge, pasta juu ya kasha la sabuni. Akaeleza kwa kirefu mtoa ujumbe ni nani na mpokea ujumbe ni nani, kisha akanyamaza. Watu wakamgeukia Abasi.

"Daktari anakuja Alhamisi pale dispensari," Abasi alisema. "Leteni watoto wachanjwe ndui."

"Nimesema maneno mia mbili," pasta alimnong'oneza. "Yako wapi?"

"Kiswahili kinabana, Pasta."

"Kibanue. Unapimwa."

Baba yake Abasi alikuwa ameuza cherehani ili mwanawe asome, kwa hiyo Abasi akakibanua. Akatafsiri kila neno mbele ya watu waliomfundisha kusema. Kwenye ukurasa wa nne mzee mmoja akauliza hao wapokea ujumbe watapokea lini. Kwenye ukurasa wa sita habari zilikuwa zimezagaa kwamba serikali inaandikisha wanaopata barua, na wenye ndugu Kigoma, ng'ambo ya mpaka, wanaowaandikia, wakaondoka taratibu. Kwenye ukurasa wa tisa walibaki wachuuzi tu, na wao ni kwa sababu hawakuweza kuziacha bidhaa zao.

Mwanvua akainuka. "Mwanangu, hiyo sindano iko ao haiko?"

"Iko, Shangazi. Alhamisi."

"Haya. Murakoze," akashukuru kwa Kirundi.

Akajitwika beseni lake akaenda zake. Aliwaambia wauza mawese wa kijiji cha Kizuka, nao wakawaambia wa Gatete, na jua halijatua habari ilikuwa imeshapita hata huko.

Alhamisi foleni ilitoka dispensari ikafika ziwani. Pasta akavua miwani akafuta machozi.

"Hatua saba, Abasi."

"Pasta, aliyewaita ni shangazi yangu."

"Shangazi yako yumo ndani ya hatua ya tano."

Abasi alipewa tisa kwa ishirini kwa kosa la kufupisha. Ili arekebishe alama, aliagizwa aandike kurasa ishirini kueleza kwa nini hatua saba zilifaulu Rumonge. Kwanza aliandika ukurasa mmoja, wa kweli, juu ya mwanamke na beseni la ndagala. Akausoma mara mbili, akauchana. Kisha akaandika ishirini ambamo Mwanvua hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Akapata kumi na nane, na mwaka uliofuata chuo kikamwajiri awe msaidizi wa pasta.

Kwa furaha alimpelekea shangazi yake kitenge na barua. Mwanvua hakujua kusoma, akamwomba jirani yake Kulthumu amsomee. Kulthumu akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaanza wa tatu.

"Ruka, dada," Mwanvua akamwambia. "Tafuta pale anaposema kama ni muzima."