Mwali Asiyesumbua

Bi Mosi wa Bigwa alikuwa na binti aliyeacha kusema, na kwa miezi saba mizima alilijivunia jambo hilo kwa kila aliyekuwa na masikio.

Tusimcheke upesi. Mwanaheri alipovunja ungo, akiwa na miaka kumi na minne, aliwekwa ndani kama walivyowekwa mama yake na bibi yake. Mwali hukaa chumbani mlango umerudishwa. Hapigi kelele, hainui uso. Hufundwa na kulishwa anenepe, mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Ndiyo adabu yake. Basi Mwanaheri alikaa, akanyamaza, akainamisha uso, na kungwi aliyekuja kumfunda akatoka mle chumbani akiwa na furaha tele.

"Mosi, nimefunda nusu ya Bigwa," alisema. "Mwali kama huyu sijamwona. Ukimwambia kaa, amekaa."

Mosi hakuwa mtu wa kukaa na sifa kama hiyo peke yake. Aliipeleka kisimani, akaipeleka sokoni, akaipitisha makusudi kwa jirani yake, mama Asia. Asia naye alikuwa ndani, umri ule ule, lakini alikuwa balaa: anapiga miluzi, anachungulia dirishani, na siku moja alikamatwa juu ya mfenesi na kaniki yake ya umwali, mdomo umejaa utomvu.

"Wangu hata kukohoa hakohoi," Mosi alisema.

"Wako malaika," mama Asia alijibu kwa uchungu. "Wangu nadhani nilibadilishiwa na nyani."

Jambo moja tu lilimkera Mosi kidogo. Mwali hunenepa, na Mwanaheri alikuwa anakonda. Waliokuwa wananenepa ni kuku. Kila sahani ilipoingia chumbani, kuku watatu walikuwa tayari nje, chini ya kidirisha, na yule mwekundu alifika mahali hawezi tena kuruka hata kizingiti. Mosi alisema ukoo wao ni wa watu wembamba, ingawa yeye mwenyewe hakupita mlangoni bila kugeuka ubavu.

Mumewe Kibwana, fundi baiskeli, alijaribu kusema mara moja. "Mke wangu, mimi nakikosa kicheko chake. Hata kabla hajaingia ndani alikuwa ameacha kucheka. Hukuona?"

"Haya mambo ya wanawake, baba Mwanaheri. Wewe ziba pancha."

Kibwana akaziba pancha.

Siku ya kutoka ikafika, Jumamosi moja ya mwaka 1951, masika imekwisha na milima iko wazi mpaka kileleni. Kaka yake Mosi, Maneno, aliteremka kutoka Mgeta na mkungu wa ndizi begani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli, na Maneno hakupenda watu wasahau hilo. Ngoma zikapigwa, pilau ikanukia, vigelegele vikajaa uwanja. Mosi akaingia chumbani na kanga mpya na shanga.

Mwanaheri alikuwa amelala, anatazama ukuta.

"Amka mwanangu, watu wanakungoja. Umemaliza adabu yako."

"Mama, haikuwa adabu."

Alisema polepole, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. "Sina cha kusema, ndiyo maana nanyamaza. Nikiamka asubuhi nimechoka kabla sijafanya kitu. Ilianza zamani, kabla hujaniweka ndani. Nilivyoona unafurahi, nikakuacha ufurahi."

Mosi akakaa chini na shanga zake. Aliutazama mkono wa mwanawe, mwembamba kama wa mtoto wa miaka minane. Kuku mwekundu alikuwa anakwaruza ukuta chini ya kidirisha, na Mosi akaelewa chakula cha miezi saba kilikuwa kinakwenda wapi. Akazikumbuka zile sifa zote alizozipeleka kisimani. Akaona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa na majirani.

Akatoka nje.

"Ngoma zinyamaze," alisema. "Mwanangu anaumwa. Haumwi kichwa wala tumbo, anaumwa huzuni. Na mimi nimeutangaza ugonjwa wake Bigwa nzima nikidhani ni adabu."

Maneno akaja juu. "Dada, watu wamekwisha kula! Mtoe, ngoma itamchangamsha."

"Chezeni nyinyi. Wangu hatoki leo."

"Mimi ndiye mjomba wake!"

"Na mimi ndiye mama yake, nalala naye ukuta kwa ukuta, na sikumwona. Wewe wa Mgeta utamwonea wapi?"

  Kibwana alimwendea mpigaji, akaichukua ngoma kubwa taratibu, akaiegemeza ukutani.

Mosi akarudi chumbani na kurudisha mlango. Akakaa humo siku nenda siku rudi. Bigwa ilicheka, bila shaka; walisema Mosi amevunja ungo akiwa na miaka arobaini. Mama Asia alileta uji kila asubuhi. "Mwali mzee, hodi!" alisema, lakini uji aliuleta wa watu wawili.

Kilichomshinda Mosi ni kunyamaza. Siku tatu za kwanza alihubiri, akauliza nani kamroga, akasihi, akalia. Mwanaheri akageukia ukuta. Siku ya nne Mosi aliishiwa, akalala kando yake, wakautazama ukuta pamoja. Chakula kilipokuja akamega tonge, akaliweka mkononi mwa mwanawe, akamega lake. Siku hiyo likaliwa tonge moja. Kesho yake mawili. Keshokutwa hakuna, na Mosi akajifunza kutolia.

Siku ya kumi na moja Mwanaheri alikula matonge matatu, na kidirishani hakikupita kitu. Kuku mwekundu alingoja, akangoja, kisha akaanza kulalama mpaka mtaa wa pili wakasikia.

"Amekasirika," Mwanaheri alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Lilikuwa neno la kwanza alilolitoa mwenyewe tangu awekwe ndani. Mosi alikuwa na maneno mia mdomoni, na yote mazuri. Akayameza, akamega tonge la nne.