Simu Mikononi mwa Benedicto

Mimi kukaa na kitabu sijawahi kuweza, tangu shule ya msingi. Nilikuwa yule mwanafunzi ambaye mwalimu akigeukia ubaoni, mguu wangu mmoja uko dirishani. Fomu foo nilifaulu kwa sababu baba alinikalia kooni, basi. Na nilipopata chuo cha utabibu pale Lindi mjini, baba akaninunulia simu, na siku hiyohiyo akanipa sharti.

"Ukisoma, izime. Sijasema uiweke kimya. Izime."

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti kule kwetu Sudi, na kwake yeye kila kitu kilikuwa mashine. Akaniambia mashine unayoiwasha na kuizima kila mara haikufikishi popote, utabaki unavuta kamba tu mpaka bega lichomoke. Nikamtii. Na kweli ikasaidia. Simu ikizimwa, kichwa changu kinakosa pa kukimbilia, kinakaa. Mimi na mwenzangu Benedicto, tuliyepanga naye chumba mtaa wa Mtanda, tukawa tunasoma mpaka watu wanatushangaa.

Sasa baba akafa. Presha. Alianguka alfajiri akitawadha, siku ya mtihani wangu wa anatomia, na simu yangu ilikuwa imezimwa tangu jana yake kama alivyoniagiza mwenyewe.

Kwetu mtu akifa alfajiri, ikipita adhuhuri keshazikwa. Mimi nilitoka kwenye mtihani saa sita, Benedicto ananisubiri mlangoni uso umemshuka, akanishika bega akasema, "Saadi, wamepiga simu kutoka nyumbani. Baba yako amefariki." Nikadandia bodaboda hadi Sudi. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo bado uko kwenye kanzu zao. Mjomba Musa, kaka yake mama, aliniangalia mara moja tu, akasema, "Umekuja," akapita. Mpaka leo nalisikia lile neno.

Ile anatomia nilipata A. Ya kwanza tangu nizaliwe. Mikrobiolojia, niliyoifanya baada ya kurudi kutoka matangani, nikafeli, nikapewa sapu, mtihani wa marudio. Na pale chuoni kwetu sapu ni moja tu. Ukiifeli unarudia mwaka mzima.

Tatizo halikuwa akili. Tatizo ni kwamba nikiizima simu mikono inaloa jasho. Naona kabisa, dakika hii ninayosoma kuhusu bakteria, mtu anapiga, anapiga, hanipati. Kwa hiyo siizimi. Naiweka juu ya kitabu, naiangalia. Ikikaa kimya sana nampigia mama. Mama yuko eda, hatoki ndani, atakuwa wapi? Lakini nampigia.

"Mama, mzima?"

"Mzima. Kama ulivyoniacha saa ile."

Siku moja, imebaki wiki kufika sapu, Benedicto akaniuliza, "Umesoma nini hapo?"

"Bakteria."

"Bakteria gani?"

Nikautazama ukurasa. Nilikuwa nao tangu tumalize kunywa chai.

"Wa kwenu Nyangao," nikasema. "Wale wanaokaa kwenye panya mnaowala."

Kwa kawaida hapo angenirudishia. Angesema mla pweza wewe, mwenzio ana mikono minane, wewe kitabu kimoja kinakushinda kushika. Siku hiyo hakucheka. Aliitazama ile simu, kisha akanitazama mimi, halafu akainamisha kichwa.

"Nenda nyumbani kamwone mama. Hapa husomi."

Nikaenda. Nilijiambia naenda kumwangalia mama, lakini kusema kweli nilikuwa nataka kubaki hukohuko. Nilishapanga maneno: mama uko peke yako, chuo kitakuwepo mwakani, acha nikae hapa.

Nilimkuta chumbani kwake, juu ya mkeka, kanga imepauka, hana wanja, hana hata hina ukuchani. Mama yangu huyu mimi sikuwahi kumwona ndani mchana. Alikuwa mtu wa pwani, ananunua samaki mnadani, anakaanga, anauza, anagombana, anarudi jioni sauti imekauka. Mimi kutotulia kwangu nimemrithi yeye. Na sasa huyo alikuwa na miezi yake minne na siku kumi ya kukaa ndani, hajafika mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini na wiki ijayo una mtihani?"

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Aa. Basi kaa."

Nikakaa. Wallahi nusu saa haikufika nikaanza kubadilisha mguu. Nje mnada ulikuwa unaendelea, sauti ya mnadi inaingia dirishani, na nikamwona mama kidole kinagonga mkeka kufuata bei.

"Vibua hao," akasema. "Na anayewachukua hawajui, wamelala tangu jana hao. Ningekuwepo..."

"Mama, huchoki?"

"Nachoka. Kwani nani kakwambia sichoki? Kuna siku natamani kutoka hata nikagombane na mtu nirudi."

"Sasa unafanyaje?"

"Nakaa." Akavuta kanga begani. "Baba yako na mimi hatukupata kukaa chumba kimoja mchana kutwa, yeye na mashine zake, mimi na kikaango changu. Sasa namkalia. Toa hicho kitabu, unisomee."

"Hutaelewa."

"Wewe mwenyewe unaelewa? Soma."

Nikaanza kusoma. Nilifika mistari michache, mkono ukaenda mfukoni, nikatoa simu, nikaiangalia, nikairudisha. Nikaendelea. Mkono ukaenda tena. Mara ya tatu mama akanishika kiganja.

"Unamtafuta nani? Mimi si huyu hapa?"

Yule ninayemhofia amekaa mbele yangu, tumegusana magoti, na bado naitazama simu. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama, siwezi kuizima tena. Baba aliniambia nizime, nikazima, akafa sikumzika. Sharti lake ndilo lililoninyima kumzika.

Nje mnada ukamaliza kundi lile la samaki, ukaanza jingine.

"Siyo simu," akasema.

"Ni nini?"

"Mjomba wako alipokukosa alimpigia Benedicto. Asubuhi, hamjaingia hata kwenye mtihani. Akamwambia, mwambie Saadi baba yake kafa, aje. Benedicto akasema sawa, nitamwambia. Tukakusubiri. Ikapita adhuhuri, hujatokea. Watu wakaniuliza mimi. Nikasema mzikeni."

Nikakiweka kitabu juu ya mkeka.

"Tulijua umeambiwa ukachagua mtihani," akaendelea. "Mjomba wako alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo. Mpaka siku ya arobaini. Wewe ulikwenda kaburini, Benedicto akaja hapa, akasimama nyuma ya pazia, akaniambia mwenyewe. Analia kama mtoto. Kwao maiti inasubiri watu, Saadi. Inalala, watoto wanatoka mbali, wanafika, ndiyo wanazika. Alidhani utamaliza mtihani na baba yako utamkuta. Hakujua."

"Na wewe ukanificha."

"Nikakuficha. Na mjomba wako nikamfunga mdomo."

"Kwa nini?"

"Ungemchukia. Na huna mwingine wa kukukalisha ukasoma."

"Sasa leo unaniambia kwa nini?"

"Kwa sababu unamlaumu marehemu. Hilo sikubali."

Niliinuka. Nilitoka nje bila viatu, kitabu nimekiacha juu ya mkeka, nikafika katikati ya uwanja nikasimama, sijui naenda wapi. Nyuma yangu nikasikia mlango.

"Saadi. Rudi ndani."

"Sirudi!"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, vidole vya miguu vimefika kwenye kizingiti vikaishia hapo. Ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuiwa na upepo.

"Unajua siwezi kuvuka hapa kukufuata," akasema. "Ningekuwa naweza, ningeshakuzaba kibao."

Bi Kazija wa nyumba ya pili, aliyekuwa anaanika dagaa, akaangua kicheko, kisha akakimeza akaingia ndani kwake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona mama kwenye mwanga wa jua kwa mara ya kwanza tangu msiba. Amepungua. Mabega yale ya kubeba ndoo za samaki yameisha. Hatua chache tu zinamtenganisha na mimi, na hazipigi. Si kwamba hawezi. Amekataa, kwa ajili ya baba.

Nikarudi mpaka mlangoni, nikakaa chini upande wa nje. Yeye akakaa upande wa ndani.

"Unataka nini?" akaniuliza polepole.

"Nataka siku nyingine niitwe. Hata kama niko ndani ya mtihani. Mtu aje anitoe."

"Hata ukifeli?"

"Hata nikifeli."

Alifikiri. Mama hajawahi kunikubalia kitu bila kukipima kwanza.

"Haya. Utaitwa. Nimekuahidi." Kisha akasema, "Na Benedicto?"

"Sijui, mama."

Akaingia ndani, akarudi na kitabu, akanipitishia juu ya kizingiti.

Nilifika Mtanda jua bado lipo. Benedicto alikuwa anakatakata nyanya. Njia nzima kwenye bodaboda nilikuja nimekunja ngumi, nimejiandaa kumpiga, kweli kabisa.

"Mama kaniambia," nikasema.

Kisu kikabaki juu ya ubao. Hakujifanya haelewi, hilo nampa.

"Babu yangu alipokufa," akasema, "tulimsubiri shangazi mpaka akafika kutoka Songea. Ndiyo nilichokuwa nacho kichwani. Nikasema moyoni, nikimwambia Saadi sasa anaacha mtihani, na mzee atamkuta tu. Sikuuliza. Chuo kimejaa Waislamu, ningeuliza mtu mmoja tu."

"Ungeniuliza mimi."

"Ndiyo. Ningekuuliza wewe."

"Halafu ukaniambia wamepiga simu. Nikajua wamepiga saa ile ile."

"Niliogopa." Akajifuta macho kwa mkono wenye nyanya, akazidi kuyaharibu. "Kila ukiishika hiyo simu nilikuwa naona nilichokufanyia. Kila siku. Ukitaka nihame, nitahama. Nilishaongea na Klementi wa darasani, ana nafasi kwake."

Nikauliza kitu ambacho sikupanga kukiuliza. "Mle ndani ya mtihani, uliponiona naandika, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nakuombea umalize haraka."

Hapo nikakumbuka. Anatomia ile mimi nilipata A, na yeye, aliyenifundisha mifupa yote kwa kunigongagonga mgongoni, aliponea chupuchupu. Tulimcheka darasa zima. Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote.

Ngumi ikafunguka yenyewe. Sijasema nilimsamehe. Ukiniuliza hata leo, kuna asubuhi naamka sitaki kumwona. Lakini nilikaa kitandani kwangu, nikafungua kitabu, nikamwambia, "Maliza hizo nyanya uje uniulize maswali."

Alikuja na njaa yake, akaniuliza mpaka wali ukaungua.

Ile wiki sikusoma kama malaika, nisikudanganye. Kuna saa nilisoma, kuna saa niliduwaa, kuna saa nilitoka nikazunguka nyumba. Nilipokuwa nataka kuinuka nilikuwa naona vidole vya mama kwenye kizingiti. Mara nyingine vilinirudisha, mara nyingine havikunirudisha. Na simu, nilikuwa nampa Benedicto. Sikuizima. Nilimpa aishike imewashwa, yeye anakaa nje barazani, mimi ndani na mlango umefungwa. Siku ya kwanza nilitoka kumwangalia kila baada ya muda mfupi. Alikuwa hapohapo, ameishika kama kashika kifaranga.

Asubuhi ya sapu tulikwenda chuoni pamoja, yeye hakuwa na mtihani. Tulikuwa wachache, tumetawanywa kwenye chumba kikubwa kila mtu na dawati lake. Kabla sijaingia nikatoa simu. Chaji imejaa.

"Ikiita kutoka nyumbani," nikamwambia, "ingia."

"Msimamizi atanifukuza."

"Ingia hivyohivyo. Usipime. Usifikirie nimebakiza swali gani. Ingia uniite jina."

"Nitaingia."

"Sema wallahi."

"Mimi Mkristo, Saadi."

"Najua. Sema."

"Wallahi," akasema Benedicto wa Nyangao, na hakuna kati yetu aliyecheka.

Nikaingia. Dawati langu lilikuwa karibu na dirisha, na kwa mazoea yangu ya zamani nikatazama nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, juani, ingawa kivuli kilikuwepo hatua mbili tu pembeni. Kutoka kivulini mlango usingeonekana. Simu iko mikononi, mikono yote miwili.

Msimamizi akasema tugeuze karatasi.

Nikageuza. Swali la kwanza nilikuwa nalijua. La pili nilikuwa nalijua nusu. Nikainama, na sikutazama tena dirishani mpaka nilipomaliza.