Masharubu ya Meza ya Mikoba

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye kambi ya wafanyakazi ya Jebel Ali, Dubai, Dorcus alipiga mswaki, akajaribu kubandua masharubu ya bandia aliyovaa kwenye mchezo wa jana. Yaligoma. Milly, mwenzake wa kitanda cha juu, aliyavuta kwa nguvu zake zote.

"Khalas, basi tena, yameota," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa sherehe ya kampuni: futuhi ya Waingereza wa miaka mia nne iliyopita. Msichana anavaa suruali na masharubu, anawaamrisha mabwana, watu wanacheka hadi machozi. Mwisho anavua, anaolewa, na kila mtu anarudi mahali pake. Ruhusa ni jukwaani, tena kwa saa mbili tu. Waingereza wale walikuwa na akili, jamani.

Saa moja Dorcus alikuwa kazini, mlangoni mwa jumba moja refu la Dubai Marina. Wanawake wanne hukagua mikoba hapo saa kumi na mbili mfululizo, wima. Walinzi wanaume, kwenye kizuizi cha magari, wana viti. Kwa miaka mitatu Dorcus alikuwa akiomba kiti kimoja tu, maana miguu ya Milly ilivimba hadi viatu vikakataa kufungika. Kwa miaka mitatu msimamizi wao, Thamer, alikuwa akijibu, "Inshallah."

Siku hiyo Dorcus aliomba tena, maneno yaleyale.

"Sasa hivi, sir," akajibu Thamer, akakileta mwenyewe, na mto juu yake.

Weee, raha iliyoje! Dorcus alikaa mpaka saa nne. Kisha akayagusa masharubu, yakatoka bila taabu, akampa Milly. Yalimshika palepale. Thamer alipopita alimsalimu Milly, "Habari, sir," akamnyooshea mto. Saa saba yalikuwa ya Lillian, mkaguzi wa tatu. Saa kumi yalikuwa ya wa nne, Swafiya wa Mombasa, naye yalimpendeza vibaya sana, hata jioni akataka kulala nayo. Nusura wagombane.

Mwezi ukapita hivyo. Wapangaji walifungua mikoba yao kabla ya kuambiwa. Masharubu yaliendelea kukua, wali ukawa unanasa, na kila Ijumaa waliyapunguza kwa mkasi huku wakichekana.

Jumatatu moja, zamu ya Milly, akamwita Thamer.

"Tuongezee viti vitatu."

Thamer aliitazama meza, akahesabu kwa kidole, taratibu, kwa adabu zote.

"Sir, mwanamume hapa ni mmoja."

"Na hawa je?"

"Hawa wanawake, sir. Wamezoea."

Milly aliwatazama wenzake watatu waliosimama. Akainuka, akawasukumia kiti. Dorcus akamwashiria saa ya ukutani: zilibaki dakika kumi za zamu yake ya kukaa. Basi Milly akavua viatu, akakaa.